SINEMA HAIKUKIMBIWA

Wapo wasemao kuwa mfanyakazi wa Dar es Salaam ameipa sinema kisogo. Hatukubaliani nao. Zamani mfanyakazi huyo alipanga foleni mbele ya Avalon, Empire, Odeon na Amana. Kisha zikaja kanda za video, na mwaka 1994 televisheni ikaingia Bara; majumba yakafungwa moja baada ya jingine. Lakini watu walikwenda wapi? Walihamia mabanda ya video, wakabanana juu ya mabenchi, msimulizi akiwafasiria kwa Kiswahili. Huko si kuichoka sinema, ndugu zetu.

Aliyeumia zaidi ni mtengenezaji wa filamu. Bila jumba hakuna tiketi, na bila tiketi hana fungu lake. Wengi waliuza jasho lao kwa msambazaji mara moja tu, kwa bei ya kutupa, hata filamu ikipendwa miaka kumi. Kumbi mpya zimo ndani ya maduka makubwa, na kiingilio chake si cha kuli wa bandarini. Twasema wazi: Halmashauri zijenge kumbi Mbagala na Gongo la Mboto, filamu za Kiswahili zitangulie, na sehemu ya kila kiingilio impate aliyeitengeneza.