Kasoro ya Tajiri Isilipwe na Maskini

Tangu Juni 2024 treni ya umeme inapita Pugu ikielekea Morogoro, na mwananchi anaweza kukata tiketi yake kwa njia ya mtandao. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini kila chombo kinachotoka ng'ambo huja na faida yake na hatari yake, na wananchi hawana budi kuzijua zote mbili.

Hatari mojawapo wataalamu huiita kufurika kwa bafa. Bafa ni nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu ya kompyuta ili kupokea kitu fulani: jina, picha au sauti. Tuseme daftari la stesheni lina nafasi ya herufi 20 kwa jina la abiria, na mstari unaofuata una amri ya bwana stesheni kwa mlinzi. Karani asiyepima akimwachia abiria aandike jina la herufi 100, herufi zilizozidi zitaifunika ile amri, na mlinzi atatii maneno ya abiria akidhani yametoka kwa mkuu wake. Ndivyo afanyavyo mhalifu. Huleta maelezo marefu kuliko nafasi iliyopo, na mashine, isiyojua kuuliza, humtii.

Jambo hili si geni. Novemba 1988, programu iliyotungwa na mwanafunzi Robert Morris iliingia katika maelfu ya kompyuta za Marekani, ikitumia kasoro hiyo miongoni mwa njia zake. Baadaye mlango ukawa programu zinazopachikwa ndani ya vivinjari ili kuonyesha picha na michezo, hasa Flash Player ya Adobe. Juni 2015 kampuni hiyo ilitoa marekebisho ya dharura ya kasoro ya aina hiyo, ilhali wavamizi walikwisha kuitumia. Flash ilifikia ukomo wake tarehe 31 Desemba 2020.

Je, hatari imekwisha? La hasha! Septemba 2023 bafa ilifurika tena, safari hii katika sehemu inayofungua picha za aina ya WebP, sehemu iliyomo ndani ya Chrome, Firefox na programu nyingine nyingi. Picha moja tu ilitosha.

Swali ni hili: nani analipa? Makampuni hujigamba kwamba marekebisho ni ya bure. Ni ya bure kwa yule tu ambaye intaneti kwake haina kipimo. Mama lishe wa Pugu anayenunua bando la siku ataona bando lake likimezwa na marekebisho kabla hajatuma ujumbe mmoja. Akiyazima, si mzembe. Anapiga hesabu ya nyumba yake. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nzima zisizotimiza masharti ya toleo jipya zikahesabiwa chakavu. Aliyekosea ni mwenye kiwanda. Anayetozwa faini ni mnunuzi.

Wako watakaosema vyombo hivi viachwe. Taifa lilikwisha jaribu njia hiyo: mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Hofu ile ilikuwa na sababu zake, lakini marufuku haikumfundisha kijana yeyote kuzitawala mashine hizo.

Njia iliyo bora ni tatu. Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano na makampuni ya simu wakubaliane kwamba marekebisho ya usalama yasikatwe katika bando. Makampuni yatalalamika juu ya gharama. Basi mzigo huo yaugawane na waliouza programu zenye kasoro. Pili, ofisi na shule zisinunue kompyuta bila mkataba unaotaja miaka ya kupewa marekebisho. Tatu, vijana wafundishwe kuandika programu kwa lugha zinazopima nafasi zenyewe, kama Rust. Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha hadi mwaka 1955, alipoacha kazi ili aiongoze TANU. Haitakuwa heshima kwake vijana wa hapo wakibaki watumiaji wa kazi za wengine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu haukuachwa na mwananchi wa Pugu. Aliyeuacha alete udongo.