Onyo Lisilosomeka Si Onyo

Katika haki tulizopewa na Katiba ya mwaka 2010, haki ya mnunuzi huzungumzwa kwa nadra. Kifungu cha 46 kinampa haki ya kupata bidhaa bora, kupewa habari anazozihitaji kuihusu, kulindiwa usalama wake na kufidiwa akidhurika kutokana na kasoro. Je, haki hizi zina maana gani kwa mwenye gari ambalo mtengenezaji mwenyewe amekwisha kukiri kasoro yake?

Tutwae mfano wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Mfuko huo hufura gari linapogonga ili kumkinga aliyemo. Lakini kemikali iliyotumiwa kuufurisha huharibika baada ya miaka mingi ya joto na unyevu. Ikilipuka kupita kiasi, kopo lake la chuma hupasuka, na vipande vikamrukia yule yule aliyepaswa kukingwa. Zaidi ya watu 30 wamekufa duniani. Watengenezaji wa magari, wakiwamo Honda, Toyota na Nissan, waliita mamilioni ya magari yarekebishwe bila malipo, na Juni 2017 Takata ikafilisika.

Majina hayo si mageni kwetu. Pita Kenyatta Market siku ya Jumamosi, wateja wakila nyama choma na wengine wakisukwa nywele, uyatazame magari yaliyoegeshwa. Mengi ni mitumba kutoka Japani, na ndani yake vibandiko vya tahadhari vingali vimeandikwa Kijapani. Hapo ndipo mwanaisimu anaposhtuka. Ujumbe umetumwa, ila aliyeukusudiwa aliuza gari zamani, na anayelipanda sasa hawezi kuusoma.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu alipogundua kuwa gari lake limo katika orodha hiyo, alimwendea aliyemuuzia. Akajibiwa, “Gari uliliona, ukaliendesha, ukalilipia.” Alipomwendea wakala wa mtengenezaji, akaambiwa kwamba gari hilo halikupitia kwao. Kila mmoja alimwelekeza kwa mwenzake, naye kila asubuhi anawapeleka watoto shuleni kwa gari hilo hilo.

Hoja ya muuzaji haina mashiko. Mnunuzi huona rangi na kusikia mngurumo. Haoni kilichofichwa ndani ya usukani. Umtumba wa gari hupunguza bei, hauhalalishi kumficha mtu hatari inayojulikana. Nayo hoja ya wakala inasahau kwamba kasoro ilizaliwa kiwandani, wala haikufutwa na safari ya melini.

Mwenye gari na afanye nini? Anakili nambari ya chesisi, kwani kumbukumbu za watengenezaji hutafutwa kwa nambari hiyo. Kisha awaandikie barua muuzaji na wakala, aitaje kasoro, aitaje Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, adai jibu la maandishi kwa tarehe maalumu, na nakala aipeleke kwa Mamlaka ya Ushindani. Maneno ya mdomo hukanushwa, barua hubaki.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe mnunuzi pekee. Serikali na ilazimishe kila yadi kuichunguza nambari hiyo kabla ya kuuza, na kumkabidhi mnunuzi matokeo kwa Kiswahili au Kiingereza, lugha rasmi za nchi hii. Onyo ambalo mhusika hawezi kulisoma ni sawa na kimya, na kimya cha mwenye kujua kinaweza kuua.