Acha kupost bafu la Ulaya, piga picha tailizi zako

Wauzaji wenzangu wa tailizi na makabati ya bafuni, tuambiane ukweli. Picha za kudaunlodi zinaleta "bei gani?" nyingi, ila mzigo ukifika mteja anaona kitu kingine. Hapo umempoteza yeye na majirani zake.

Mimi nasema piga picha ya mzigo ulionao. Tailizi inayong'aa mwambie ni ya ukutani. Sakafuni ikilowa inateleza, na nyumbani kuna wazee na watoto. Andika vipimo: boksi la tailizi 8 za sentimita 30 kwa 60 linafunika mita za mraba 1.44. Kabati la kioo lipige likiwa na taulo na sabuni ndani, aone kioo angavu hakifichi kitu.

Utauza taratibu, lakini hutarudishiwa mzigo. Wewe unaonaje?