Mvua Haina Kosa

Kila mwaka masika yakiisha twasikia kilio kile kile katika vijiji vyetu vya Tanzania: "Mvua imevunja daraja! Mvua imekula barabara!" Hulia hivyo mkulima ambaye ndizi zake zimeoza njiani, hulia mwenye lori, hata diwani husema hivyo barazani. Nami nasema kwamba mvua yasingiziwa. Mvua ilikuwako kabla ya barabara, nayo huja kwa majira yake. Kosa ni letu, tuliokuwa na kiangazi kizima tukakaa kitako.

Katika njia iendayo shuleni kwetu palikuwa na kalavati moja lipitishalo maji chini ya barabara. Tangu mwezi wa Septemba nililiona limejaa mchanga na mabua ya mahindi. Nilipita pale kila siku kwa baiskeli, wala sikushuka hata mara moja. Ilipofika Aprili maji yalikosa mlango, yakapanda juu ya barabara, yakaikata kwa usiku mmoja. Watoto wa ng'ambo walikosa masomo wiki tatu, na mama mmoja mjamzito alivushwa kwa machela. Watu wanne wenye majembe wangaliyazuia hayo yote kwa kazi ya asubuhi moja. Basi nisemapo "sisi", najihesabu wa kwanza.

Mafundi wa barabara hawafichi siri yao. Barabara ya udongo sharti iwe na mgongo katikati, ili maji yateremke pande zote mbili. Mitaro iwe wazi, nayo ichepushwe mara kwa mara, maji yatoke kabla hayajapata nguvu. Magogo yaliyokwama kwenye nguzo za daraja yaondolewe, na mawe yapangwe penye msingi, maji yasije yakauchimba. Kazi hizi zote ni za kiangazi; mto ukisha kufurika hakuna aingiaye kuzifanya.

Wako watakaonijibu: "Hiyo ni kazi ya Serikali, nasi tumekwisha kulipa." Ni kweli. Mwaka 2017 ulianzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, na mwaka 2021 ikaongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Basi aliyelipa ana haki ya kuuliza: fedha za matengenezo hufika lini? Zikifika Aprili, ni dawa iliyoletwa matangani. Wakubwa wetu wapenda mno kukata utepe wa daraja jipya, nasi twapenda kupiga vigelegele. Lakini nani amepata kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya mtaro uliozibuliwa?

Wengine wamesimuliwa na wazee wao jinsi, zamani za ukoloni, asiyeweza kulipa kodi alivyopelekwa kutengeneza barabara kwa nguvu. Chuki yao ina sababu, wala siombi shokoa irudi. Naomba kinyume chake: kila kijiji kiwe na kikundi chake, kikabidhiwe kipande chake cha barabara, kilipwe ujira wa haki, na kazi yake ikaguliwe kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Tena tusidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Nchi za baridi nazo zina masika yao. Huko Finland theluji ikiyeyuka, barabara za changarawe hulegea kama uji. Basi huwekwa vibao vya kuzuia magari mazito mpaka njia ikauke. Kwetu lori la magogo hupita katika tope siku ile ile ya mvua, nasi twalisukuma kwa kutumaini ahsante ya dereva, kisha twayalilia makorongo liliyoyaacha.

Methali ya ufa na ukuta twaifundisha darasani, watoto waijua kwa moyo. Lakini watoto hao hao hutuona tukipita juu ya kalavati lililoziba bila kugeuza shingo, nao hujifunza kwa macho kuliko kwa masikio. Ndugu mwalimu, ndugu mwenyekiti wa kijiji, wewe nawe mwenye lori: kiangazi kijacho tushuke, tutazame chini ya barabara. Tusipotazama, masika yakija tunyamaze. Tusimtukane mgeni ambaye siku ya kuja kwake twaijua.