Manyoya ya jogoo tunayatupa, samaki wa mlimani tunawaachia wageni

Hebu niambie ukweli. Ukisikia mtu wa Busia ama Malaba anaongea kuhusu uvuvi, unafikiria nini? Ziwa, nyavu, omena zimeanikwa, kina mama wa Sio Port na mabeseni yao. Lakini ukisikia kuna uvuvi wa ndoano iliyovikwa manyoya, katika kijito cha mlimani chenye maji ya kukata vidole, unaona mzungu mzee mwenye kofia. Si ndio? Mimi nasema hiyo picha ya pili ni yetu kuliko tunavyodhani, na vijana wa mpakani tunajinyima wenyewe.

Nianze na mchezo wenyewe, maana wengi wetu tumeuona kwa video tu. Samaki anaitwa trauti. Anataka maji baridi, safi, yanayokimbia juu ya mawe. Maji yakipita nyuzijoto 20 anaanza kuhangaika, yakizidi sana anakufa. Chakula chake kikubwa ni wadudu: wale wanaokulia majini na wale wanaoanguka kutoka kwa nyasi. Kwa hivyo hapa hakuna mambo ya nyungunyungu. Unachukua ndoano ndogo, unaizungushia uzi na manyoya mpaka inafanana na mdudu, halafu unaitupa. Na kwa sababu haina uzito wowote, kinachotupwa hasa ni mshipi, ambao umetengenezwa mnene na mzito kidogo ili uibebe. Ukikosea mkono, mshipi unatua kama kamba ya kufungia ng'ombe na kila samaki ametoroka.

Kuna watu hawaachi mchezo huu hata theluji ikianguka. Kule Marekani, pembeni mwa jiji la Salt Lake City, kuna kijito kinaitwa Big Cottonwood kinachoteremka kutoka milimani. Mtu anatoka mjini na gari, muda si mrefu amesimama majini huku barafu ikiganda kwenye vipete vya fimbo yake. Wakati huo wa baridi trauti amezubaa. Hakimbizi kitu. Anatulia kwenye kina na kungoja mkondo umletee vidudu vidogo kama punje ya mchele ama chini ya hapo, kwa hivyo ndoano nayo lazima iwe ya kiasi hicho. Saa nzuri ni adhuhuri, jua likiwa limepasha maji kidogo. Na mvuvi akimpata, mara nyingi anamrudisha majini. Ndiyo, anamrudisha. Nilipomweleza hivyo jamaa yangu mmoja wa boda boda pale Malaba, aliniuliza kama hao watu wana shida ya kichwa.

Sasa sikiza hapa. Hiyo ndoano ya manyoya inayoelea Marekani ama Uingereza inaweza kuwa imefungwa kwa mkono hapa Kenya. Sio mzaha. Kwa miongo mingi nchi yetu imekuwa ikifunga hizi nzi bandia na kuziuza ng'ambo, na jina la Kenya linajulikana vizuri na wavuvi wa huko. Wengi wanaoifanya hiyo kazi ni kina mama, wamekaa mezani na mkasi, uzi na kishikizo cha chuma, wanafunga moja baada ya nyingine kwa ustadi wa ajabu. Mdudu wa bandia anatoka kwa mikono yetu, anapanda ndege, anaenda kumdanganya samaki kwenye barafu. Halafu kijana wa Busia ukimuuliza hiyo kitu ni ya nini, atakwambia ni hereni.

Na manyoya yenyewe? Yale yanayotafutwa sana ni ya shingo ya jogoo, membamba, yenye nywele ngumu zinazosimama ndoano ikielea. Ndugu yangu, Magharibi hii tuna uhaba wa kila kitu lakini sio wa majogoo. Mgeni akifika, shingo inakatwa, manyoya yanatupwa shimoni. Ni kweli wenzetu ng'ambo wanafuga majogoo wa aina maalum kwa kazi hii, na manyoya ya jogoo wetu wa kienyeji hayafikii ubora huo. Lakini kwa kujifunzia yanatosha, tena ni bure.

Najua utasema ni mambo ya wakoloni. Uko sawa nusu. Trauti hakuwa samaki wa hapa. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905 na kuwekwa kwenye mto Gura kule Aberdare, ili walowezi wapate mchezo waliouacha kwao. Baadaye akasambazwa mito mingine ya nyanda za juu, na mlima wetu Elgon ukapata, hasa mto Suam. Hakuna aliyemletea babu yako. Lakini baiskeli nayo ilitoka wapi? Watu wa mpaka huu waliichukua, wakaweka kiti nyuma, wakawa wanavusha abiria kutoka upande mmoja hadi mwingine, na leo kila pembe ya Afrika Mashariki inasema boda boda. Kitu kikija hapa tunajua kukifanya chetu, tukitaka.

Sababu hasa ya mimi kukusumbua na haya yote ni maji. Mto Malaba, ule unaopita chini ya daraja la mpaka, ule malori yanapiga foleni juu yake usiku kucha, unatoka Elgon. Haumwagiki Ziwa Victoria kama wengi wanavyodhani. Unaingia Uganda, unajiunga na Mpologoma, unaishia Ziwa Kyoga na kuendelea na Nile. Sisi tunaujua ukiwa umeshachoka: rangi ya chai ya maziwa, mchanga unachotwa, mahindi yamepandwa hadi ukingoni. Kijana aliyezaliwa hapa anaweza kufikisha miaka 25 akidhani mto huzaliwa ukiwa mchafu. Mpeleke juu mlimani, aone maji ambayo mawe yanahesabika chini yake, halafu umrudishe darajani. Hatauona mto huo vile vile.

Tumeshapoteza, msidhani natisha. Waulize wazee wa kando ya mto Sio kuhusu ningu. Alikuwa samaki wa kupanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga, makundi kwa makundi. Watu wakatega nyavu mdomoni mwa mito, wakamvua akiwa bado na mayai tumboni, na uvuvi huo ukaporomoka. Leo ningu ni hadithi ya wazee. Trauti ni mgeni na ningu ni mwenyeji, lakini shida yao ni moja, mto. Misitu ya Elgon ikiendelea kukatwa, maji ya juu yatapata joto na tope, na trauti ndiye wa kwanza kutuambia kwa kutoweka.

Kabla mtu hajaanza kubeba vifaranga vya trauti kwa ndoo kuleta Malaba, acha. Maji ya huku chini yana joto, watakufa. Na hata wangeishi, ni mla wenzake. Abaki huko juu aliko.

Kizuizi chenyewe ni pesa. Fimbo ya dukani na mshipi wake ni bei ya mtu mwenye mshahara. Kuna leseni, na ndani ya mbuga kuna kiingilio na ruhusa ya kuvua. Mimi niliacha chuo na ninaishi kwa kazi za kuokoteza mtandaoni, najua hesabu hiyo inavyouma. Ndiyo maana nasema kaunti za Busia, Bungoma na Trans Nzoia, ambazo kila mwaka zinatuahidi utalii na ajira kwa vijana, zikae na wenye mbuga watengeneze siku za vijana za bei nafuu. Fimbo kumi za kuazima. Mama mmoja anayefunga nzi aje Busia wiki mbili afunze, alipwe vizuri. Hiyo ni pesa ndogo kuliko ile inayoliwa kwa semina moja ya hoteli, tena hapo wanafunzi wamejifunza kazi ya mikono yenye soko ng'ambo. Na Mkenya aongoze watalii, sio abebe tu mabegi yao.

Wewe usingoje kaunti. Anza na ndoano ndogo na uzi wa cherehani, vunja vidole hapo nyumbani. Mlimani ni afadhali uende Januari ama Februari, mvua ikiwa imeisha na maji yameangaza, maana mto ukijaa tope samaki haoni ndoano yako. Panda gari Malaba hadi Bungoma, kisha Kitale, kisha Endebess na lango la Chorlim. Beba sweta mbili, kwa sababu huko juu kipupwe hakingojei mwezi wake, kinakuja kila usiku, na alfajiri unaweza kukuta nyasi zimeganda. Ukifika mtoni tembea kutoka chini kwenda juu. Trauti hulala akiangalia mkondo unakotoka, kwa hivyo ukimjia kwa nyuma hakuoni. Inama. Kivuli chako kisimguse.

Na Krismasi mkichinja jogoo, hasa yule mwekundu, ile ngozi ya shingo msitupe. Niwekeeni.