Kabla hujanunua balbu, pima waya

Leo naweka programu kando. Mliokuja kusoma kuhusu hifadhidata mnisamehe, tutarudi huko. Kuna jambo limenikera tangu Jumamosi usiku na lazima nilitoe.

Nilikuwa natoka Kitui kwenda Kibwezi kwa ile barabara ya Mutomo na Ikutha, nikiendesha Peugeot 504 pikapu ya mzee wangu. Tangu barabara ile iwekwe lami, watu wanakimbia kweli kweli. Kabla ya Ikutha nikakutana na gari kuukuu kama langu, lakini limefungwa balbu za LED, zile nyeupe zinazoelekea bluu. Dereva alikuwa ameweka dimu. Naam, dimu! Sikuona kitu. Nikapunguza mwendo, nikafuata ukingo wa lami kwa kubahatisha. Mwanga ule ulipopita nikawaona punda wawili na mitungi yao ya maji, na kijana nyuma yao, hatua chache tu mbele ya bampa.

Yule dereva namwelewa. Taa za magari yetu ya zamani ni kama mishumaa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo ukichukua sekunde mbili kugutuka, umeshapita mita 44 kabla mguu haujagusa breki. Kutaka mwanga zaidi si anasa. Ugomvi wangu ni na dawa aliyouziwa.

Mimi pia niliuziwa. Fundi mmoja aliniambia balbu zangu "zimezeeka", nikanunua mpya, na mwanga ukabaki vile vile. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, kile ambacho kila mwandika programu hufundishwa halafu akasahau: pima kabla ya kurekebisha. Nikawasha injini na taa, nikachukua mita. Kwenye betri, volti 13.8. Kwenye soketi ya balbu, huku inawaka, volti 11.6.

Volti mbili na ushei zimepotelea njiani! Unaweza kusema si nyingi, lakini balbu ya waya haipungui mwanga kwa uwiano sawa na umeme. Ukiipunguzia volti kwa asilimia 10 inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa hesabu hiyo taa zangu zilikuwa zikitoa zaidi kidogo ya nusu ya mwanga ambao zingetoa zikipata volti zote za betri. Balbu haikuwa na kosa lolote.

Kosa ni safari ya umeme. Katika magari mengi ya miaka ile, umeme wote wa taa hutoka kwenye betri, ukapita kwenye swichi ya dereva, kisha ukarudi mbele kwa waya mwembamba wenye umri wa miaka 40. Balbu mbili za wati 60 zinavuta ampea 10. Kila kiungo chenye kutu kinakata ushuru wake. Na waya wa athi (hapana, si ule mto unaotenganisha Kitui na Makueni) mara nyingi umefungwa kwenye bati lililooza.

Tiba ni rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Waya mnene unatoka betri, unapita fyuzi, unaingia pini 30 ya rilei na kutokea 87 kwenda kwenye balbu. Waya wa zamani wa taa unaenda pini 86, na 85 inaenda athi. Sasa swichi inabeba sehemu ndogo tu ya ampea moja, kazi ya kuamsha rilei basi. Nilipopima tena nikapata 13.4. Balbu ni zile zile.

Wanaokimbilia balbu za wati 100 bila rilei, kumbukeni hizo mbili zinavuta zaidi ya ampea 16 kupitia swichi ile ile. Mtanusa wenyewe.

Kuhusu LED, siichukii. Shida ni kwamba kioo na sahani ya taa ya zamani vilichongwa kufuata mahali hasa waya wa balbu unapowaka. Ukiweka chipu za LED mahali pasipolingana, mwanga unatawanyika na kumwingia mwenzako machoni. Osram ilipopata kibali cha kwanza cha balbu kama hizo Ujerumani mwaka 2020, kilihusu magari yaliyoorodheshwa tu. Mwenye Land Rover ya taa za duara za inchi 7 anaweza kubadilisha taa nzima, kioo na vyote, akapata iliyotengenezwa kwa LED tangu mwanzo. Hapo sina neno, mradi iwe ya upande wetu wa barabara. Kupachika chipu ndani ya sahani ya mwaka 1978 ni kama kuongeza seva wakati swali lako la hifadhidata ndilo bovu, tofauti ni kwamba hapa anayeumia ni mtu mwingine.

Jambo la mwisho ambalo hata mimi nililipuuza: pikapu ikibeba mzigo, pua inainuka na dimu inageuka fulu. Jumamosi nakwenda tena Kitui, na nitarudi na magunia manne ya ndengu. Bisibisi ya kushusha taa iko tayari kwenye dashibodi.