Bendera za wapangaji wa Guangzhou

Wapo wanaoandika kwamba safu ya bendera za kigeni iliyopepea kando ya Mto Lulu, mjini Guangzhou, karne ya 18, inathibitisha kuwa bandari hiyo ilikuwa tayari mikononi mwa Wazungu. Wameziangalia picha za bendera hizo, lakini hawakuuliza mwenye nyumba ni nani.

Alikuwa Mchina. Wageni walipanga tu majengo yaliyokuwa nyuma ya bendera hizo, ghala chini na makazi juu. Tangu 1757, wafanyabiashara wa Ulaya waliokuja kwa bahari walilazimika kufanyia biashara Guangzhou peke yake, tena kupitia matajiri wenye kibali cha serikali, kama Wu Bingjian. Hawakuruhusiwa kuvuka kuta za mji wala kuja na wake zao, na msimu ukiisha walitakiwa kuondoka, wengi wakienda Macau. Mtawala gani huyo anayefungiwa lango?

Hata baada ya Uingereza kushinda vita dhidi ya China vilivyokwisha 1842, wenyeji hawakunyamaza. Mwaka 1844 Wamarekani walisimamisha mlingoti wenye mshale wa kuonyesha upepo. Watu wakaamini mshale ule unaleta maradhi. Zikazuka ghasia, na mshale ukashushwa.

Mwaka 1856 Waingereza walidai askari wa China wameshusha bendera yao kwenye chombo kiitwacho Arrow, ambacho usajili wake ulikuwa umekwisha muda. Wakalifanya tukio hilo kisa cha vita. Wao na Wafaransa waliuteka mji mwishoni mwa 1857, wakaukalia hadi 1861. Hapo ndipo wageni walipoutawala, na waliupata kwa mizinga.